Joho Moja, Miili Mingi

Fundi cherehani wa pwani hapimi nguo, hupima mtu. Futi yake huizungusha shingoni, kifuani na kiunoni mwa mteja, akaandika tarakimu zake daftarini, na hata wateja wawili wakileta kitambaa cha jora moja, kila mmoja huondoka na kanzu ya mwili wake. Katika ulimwengu wa Azeroth mafundi wamefanya kinyume chake. Huko nguo hushonwa kwanza, mara moja tu, kisha ikavishwa kila mwili utakaoitaka: mrefu, mfupi, wenye mkia, wenye pembe, na hata ule ulioanza kuoza.

Azeroth haimo katika ramani ya shule. Ni ulimwengu wa mchezo uitwao World of Warcraft, ambao kampuni ya Blizzard ya Marekani iliufungua tarehe 23 Novemba 2004, na ambao watu wengi huucheza kwa pamoja kwa njia ya intaneti. Aingiaye humo hujichagulia kabila kwanza. Mwanzoni makabila yalikuwa manane: Human, ambao ni wanaadamu, Dwarf, wafupi wenye mabega mapana, Gnome, wafupi kuliko hao, Night Elf, warefu wenye masikio marefu kama majani ya mgomba, Orc, wazito wenye mgongo uliopinda, Troll, wembamba wenye meno yaliyochomoza nje, Tauren, nusu watu nusu ng'ombe, na Undead, maiti waliokataa kulala kaburini. Mwezi wa Januari 2007 wakaongezwa Blood Elf na Draenei, na baada ya hao wengine wengi. Akishachagua kabila, mchezaji huchagua kazi, halafu huingia vitani, na katika kila adui mkubwa auawaye hutazamia kuokota kitu cha kuvaa.

Tuchukue mavazi yaitwayo Judgement, ambayo ni mashuhuri kuliko mengi. Ni mavazi ya Paladin, yaani askari wa dini apiganaye kwa chuma na kwa dua. Vipande vyake ni vinane, na vingi kati ya hivyo vilipatikana katika Blackwing Lair, ngome iliyofunguliwa mwaka 2005, ambayo ilitaka jeshi la watu arubaini waingie pamoja. Rangi yake ni nyekundu iliyoiva, ikatiwa dhahabu. Yana joho refu, mabega yaliyonyanyuka, na kofia imfunikayo mtu uso. Yalipobuniwa, kazi ya Paladin ilikuwa ya makabila mawili tu, Human na Dwarf.

Human akiyavaa, hakuna la kusema. Yametulia, kwani mwili wake ndio uliokuwa machoni mwa mchoraji. Dwarf ni mfupi, na kwake joho hugeuka kengele; mabega ya vazi nayo hukaribia kugusana na masikio. Hata hivyo ana uzito wa kuyabeba, na akisimama nayo mlangoni mtu huamini kuwa mlango huo haupitiki. Blood Elf, aliyeingia katika kazi hiyo mwaka 2007, ana kiuno chembamba, na joho humwangukia vizuri kuliko wote. Lakini atazamwapo kwa mbali huonekana mabega yanatembea, na mtu akining'inia chini yake. Draenei ana mkia, na joho halikuachiwa tundu la mkia. Basi mkia hupenya katikati ya kitambaa bila ya kukichana, jambo ambalo hakuna cherehani duniani iliwezayo.

Aliyebaki ni Tauren, ambaye aliruhusiwa kuwa Paladin mwezi wa Disemba 2010, miaka mitano baada ya mavazi hayo kubuniwa. Kichwa chake hakikukaa juu ya mabega bali mbele yake, kama cha ng'ombe anywaye maji. Kofia iliyokusudiwa uso wa mtu humbidi aivae juu ya pua ndefu na pembe. Kifua chake ni kipana mno, na nakshi zilizokuwa zimekaribiana kwa Human, kwake hutawanyika. Kwa kipimo cha fundi, vazi limemkataa. Na juu ya hayo yote, yeye ndiye limfaaye kuliko wote, na atakayebisha abishe. Katika hadithi ya mchezo, Tauren mwenye kazi hiyo huitwa Sunwalker, na nguvu zake hazitoki kanisani kama za Human, bali kwenye jua. Wekundu ule na dhahabu ile, ambavyo kwa Human ni mapambo ya madhabahu, kwa Tauren huwa ni rangi za machweo. Mchoraji hakuyafikiria hayo mwaka 2005, wala hakuweza kuyafikiria. Vazi lilingoja miaka mitano likampata mtu wa kulipa maana ya pili.

Inafaa kueleza jinsi mavazi hayo yalivyotengenezwa, maana aibu zake nyingi zimo humo. Katika miaka ya mwanzo, kompyuta za watu wengi zilikuwa dhaifu, na kila umbo la ziada lilikuwa mzigo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya vazi haikuwa na umbo lake; ilichorwa juu ya ngozi ya mvaaji, kama hina ichorwavyo juu ya mkono wa bibi harusi. Deraya ya kifuani ilikuwa ni picha ya deraya. Mabega, kofia, silaha na pindo la joho ndivyo hasa vilivyokuwa na umbo. Kila mwili ulipotofautiana na ule uliokusudiwa, hina ilivutika au ikakunjika. Undead aliyevaa chuma kizito hadi shingoni alitokeza mifupa ya viwiko na magoti juu ya chuma hicho. Na mwanamke wa kabila lolote alipovaa baadhi ya vipande ambavyo kwa mwanamume vilikuwa suruali kamili ya vita, alijikuta amevaa kisichozidi chupi. Kasoro hiyo haikutokana na udhaifu wa kompyuta. Mtu alikaa akaichora kwa makusudi, na mkuki hauulizi aliyevaa ni nani.

Wapenda mashairi watakuwa wameshalitambua tatizo hili kwa jina jengine. Shairi la kigeni lenye mistari mifupi likiingizwa katika bahari ya mizani kumi na sita, yenye vina vya kati na vya mwisho, mfasiri hulazimika kulijaza vitambaa mabegani: "kwa yakini", "enyi watu", "nasema", ili mradi hesabu itimie. Akilileta kama lilivyo, mkia hutokeza. Nyerere alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, iliyochapishwa mwaka 1963, hakujitwisha vina. Na hilo lilikuwa ni shauri la fundi aliyetazama kitambaa kwanza, kisha akautazama mwili wa Kiswahili, akajua wapi pa kupunguza.

Wenye mchezo wao walipita njia nyengine, na hapa ndipo penye kutafakarisha. Wachezaji wengi walikuwa wakilalamika kwamba mgongo wa Orc unaharibu kila vazi: mabega humfunika mashavu, joho huburura mbele na kupanda nyuma. Mwaka 2018 walijibiwa. Nguo haikuguswa. Orc mwanamume akaruhusiwa kusimama wima. Mwaka 2020 Undead naye akaruhusiwa kuifunika mifupa yake kwa nyama. Ni hiari, hakuna aliyelazimishwa, na wengi walifurahi. Lakini mgongo ule uliopinda ulikuwa sehemu ya alivyokuwa Orc, na mifupa ile ilikuwa ndiyo hadithi yenyewe ya Undead. Badala ya kuirekebisha kanzu, amerekebishwa mvaaji. Orc aliyenyooka hupendeza kweli katika deraya. Ila akisimama karibu na Human, tofauti iliyobaki kati yao imekuwa ya rangi ya ngozi na meno.

Mambo yalizidi kuchangamka mwezi wa Novemba 2011. Kabla ya hapo, mtu alivaa kilichomlinda, na macho yalilazimika kuvumilia. Mwaka 2007, wakati Blood Elf na Draenei walipoingia, wachezaji waliosafiri katika nchi mpya ya Outland walikuwa wakiokota kofia ya kijani, suruali ya zambarau na mabega ya rangi ya chungwa, wakavaa vyote pamoja kwa sababu ya nguvu zilizomo, hata wenyewe wakajiita vichekesho. Mwaka 2011 ukaletwa utaratibu wa kuazimisha sura: kitu chenye nguvu huvaliwa, lakini macho yakaonyeshwa sura ya kitu chengine. Waliopewa kazi hiyo katika miji ya Stormwind na Orgrimmar ni viumbe wa jamii ya Ethereal, ambao hawana mwili kabisa. Wao ni nguvu tupu iliyozungushiwa vitambaa, na vitambaa hivyo vikifunguliwa hapana mtu ndani. Aliyewachagua hao wawe mafundi nguo wa Azeroth, ama alikuwa na mzaha mzuri, ama hakujua alichokifanya.

Wapo waliochukia. Waliokesha mwaka 2005 na wenzao thelathini na tisa ili wapate kipande kimoja cha Judgement, sasa waliwaona watu wenye nguvu mpya wakiingia ngome ile wawili watatu, na hata peke yao, wakatoka na mavazi yale yale. Nguo iliyokuwa ushahidi ikawa pambo. Nguo ya kuazima haisitiri matako, watu wa kale walisema, na wakongwe wa Azeroth wangeikubali methali hiyo bila ya kufasiriwa.

Hoja yao si ngeni katika visiwa hivi, ingawa huku haikuwa mchezo. Kabla ya utumwa kufutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, nguo ilitangaza daraja ya mtu kabla hajafungua mdomo. Mtumwa alikwenda miguu mitupu na kichwa wazi, na kitambaa chake kilikuwa merikani au kaniki. Baada ya hapo kofia, kanzu, kanga na buibui vikawa vya kila aliyeweza kuvinunua, na macho yaliyozoea kupanga watu kwa nguo yakapoteza kazi yake. Hapana shaka walikuwako waliouliza: huyu ameipata wapi haki ya kuvaa hivi? Jibu lilikuwa dukani, kwenye bei ya doti. Kilio cha wakongwe wa Azeroth ni chepesi sana kikilinganishwa na hayo, lakini kimetoka katika imani ile ile, kwamba vazi ni cheti na mvaaji lazima aulizwe.

Mwaka 2017 mchezo huo ukaanzisha mashindano yaitwayo Trial of Style. Washindani hupewa maudhui na muda mfupi wa kupekua makabati yao, kisha husimama mbele ya wenzao, na washindani wenyewe ndio wapigao kura. Nguvu za vazi hazihesabiwi, wala historia yake. Hutazamwa jambo moja: nguo hii juu ya mwili huu. Gnome aliyevaa mabega makubwa kuliko kichwa chake, ambaye vitani huchekwa, hapo aweza kumshinda Night Elf aliyepambika kuanzia masikio hadi kisigino, kwa kuwa Gnome amejua kuwa anachekesha na amelivaa vazi kwa kujua hivyo.

Tauren naye huingia na Judgement yake kamili, vipande vyote vinane. Mabuti yamo katika hesabu, ameyatafuta kama walivyoyatafuta wengine, na kabatini mwake yameandikwa kuwa ni yake. Lakini yeye, pamoja na Troll na Draenei, hana mguu wa kuingia katika buti. Nao mchezo, tangu ulipofunguliwa mwaka 2004, humchorea kipande cha juu tu, kuzunguka muundi. Chini yake kwato ziko wazi, nyeusi, juu ya mawe ya mji.