Uzito wa Risasi na Mnyama Anayelengwa

Mwanzoni mwa karne ya 20, katika nyanda za Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, aliwinda Mskoti mmoja, W. D. M. Bell, ambaye maishani mwake aliua tembo zaidi ya elfu moja. Wawindaji wengi wa zama zile walibeba bunduki nzito zenye teke la kuvunja bega. Bell aliipenda Rigby nyepesi ya milimita 7, ambayo risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 11 na kitu tu.

Risasi ile ilikuwa ndefu, nyembamba, yenye ncha ya mviringo, na imevikwa madini magumu hadi nchani. Haikupasuka ndani ya mfupa wala haikupotea njia, bali ilinyooka mpaka kwenye ubongo. Tena Bell alilipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo umelala wapi. Wengi waliosikia sifa zake walikumbuka bunduki wakasahau msumeno.

Twaa sasa bunduki ya .375 Holland & Holland iliyotoka mwaka 1912, ambayo nchi kadhaa za Afrika huihesabu kuwa ndiyo ndogo kabisa inayoruhusiwa kwa nyati na tembo. Risasi zake huuzwa kwa uzito wa 235, 270 na 300. Hizo ni greni, kipimo cha Waingereza, nazo ni sawa na gramu 15, 17 na nusu, na 19 na nusu hivi. Iliyo nyepesi hutoka kwa kasi zaidi na haishuki upesi njiani, basi yamfaa pofu aliyesimama mbali uwandani. Iliyo nzito huenda polepole zaidi, lakini hupenya ndani sana. Anayebadili uzito hana budi kuijaribu bunduki yake upya kwenye shabaha, kwa maana risasi haitapiga tena pale pale.

Jikoni nako uzito huonekana. Swala mdogo akipigwa kwa karibu na risasi nyepesi, laini na yenye kasi kubwa, bega lote husagika, na vipande vidogo vya risasi, visivyoonekana kwa macho, hutawanyika nyamani. Madini hayo hudhuru ubongo wa watoto. Mpishi na akate mbali na jeraha, wala asione uchungu kutupa. Risasi ya shaba tupu huepusha balaa hilo.

Askari naye anayo risasi yake, ila hiyo haikuundwa kwa ajili ya mawindo. Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilikataza vitani risasi zinazotanuka mwilini, ndiyo sababu za jeshi huvikwa madini magumu. Risasi ya bunduki ya AK ina gramu 8 tu, nayo ni fupi. Lakini mbogo akiingia shambani, polisi ndiye huitwa kwanza, na mara nyingi silaha aliyo nayo ni hiyo. Wanakijiji humhimiza apige. Akipiga, mbogo hukimbilia kichakani na jeraha lake, akajificha huko. Kesho yake anayekutana naye ni mama aendaye kuteka maji, au mtoto mchunga mbuzi.

Kwa hiyo askari mwenye busara huwaondoa watu, huziba njia ya kisimani, na kutuma habari kwa idara ya wanyamapori, hata kama atazomewa. Afisa wake atakuja na risasi ya gramu 19 na nusu, ngumu, iwezayo kuvunja mfupa wa bega la mbogo na bado ikaufikia moyo.