Burudani na Dhamiri Ufipani

Mgeni aingiapo Sumbawanga hachelewi kusimuliwa na wenyeji asili ya jina la mji huo. Sumba wanga, wasema, yaani tupa wanga: mtu ye yote atakaye kukaa nasi, aache nje uchawi wake, kisha apite. Twalipenda simulizi hilo, kwa kuwa lamtaka mtu ajichunguze yeye mwenyewe kabla hajapekuliwa na wengine. Lakini wanga wa kale ulibebwa katika pembe na kibuyu. Je, ule uingiao nyoyoni mwetu kwa njia ya picha na nyimbo, nasi tukiulipia kiingilio na kuupigia makofi, tutautupaje?

Swali hili lilitupata katika miaka ya 1990, tulipokuwa tukifundisha katika shule moja ya sekondari katika uwanda wa Ufipa. Karibu na soko palikuwa na banda la video: kuta za mabanzi, paa la bati, mabenchi sita, na jenereta iliyonguruma nje. Mvua ikinyesha, hakuna aliyesikia neno. Ikiacha, ilisikika sauti ya mfasiri aliyekaa kando ya televisheni, akitusimulia kwa Kiswahili yaliyosemwa kwa Kichina. Kazi hiyo ilikuwa na mabingwa wake katika nchi yetu, na huko Dar es Salaam jina la Lufufu lilikuja kuvuma kwayo. Wetu hakuwa na sifa hizo, ila alijua watu wake.

Filamu iliyopendwa kupita zote ilikuwa ile ya Hekalu la Shaolin, iliyotengenezwa mwaka 1982, ambamo Jet Li alionekana kwa mara ya kwanza akiwa mhusika mkuu. Kijana ambaye baba yake ameuawa na jemadari dhalimu akimbilia hekaluni kwa watawa wa Kibudha, ajifunza kupigana, naye hatimaye alipiza kisasi. Mfasiri wetu hakuwa na neno la kuwaita watawa wale wenye vichwa vilivyonyolewa. Basi aliwaita mabruda, na mkuu wao akamwita Padri Mkuu. Sote tulimwelewa mara moja. Wamisionari wa White Fathers walifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na tangu hapo Ukatoliki ulikita mizizi Ufipa hata mtoto mdogo amjua bruda ni nani. Kwa sababu hiyo swali lilizuka lenyewe penye benchi la nyuma: "Mbona mabruda hawa wanaua?"

Swali hilo lilikuwa la haki kuliko alivyodhani muulizaji. Amri ya kwanza kati ya tano zinazowahusu Wabudha wote ni kujiepusha na kuua kiumbe cho chote chenye uhai. Filamu yenyewe haikulificha jambo hilo, kwani mwishoni kijana yule asomewa amri za utawa na kuulizwa kama ataweza kuzishika. Lakini ni nani kati yetu aliyelipa kiingilio ili asikie amri? Tulilipa tuone mateke.

Hatuna budi kukiri yetu. Ijumaa moja ya Kwaresima tulitoka kanisani, tulikofuata Njia ya Msalaba tukiwa tumefunga, tukapitiliza moja kwa moja hadi bandani. Nusu saa baada ya kupiga magoti mbele ya Mtu aliyewasamehe waliomuua, tulikuwa tumesimama juu ya benchi tukishangilia kuuawa kwa jemadari. Tulifurahi kweli kweli. Wala hatukuhisi kuwa moyo uliosali na moyo ulioshangilia ulikuwa mmoja.

Juma lililofuata, mwanafunzi wa kidato cha pili aliruka teke uwanjani na kumvunja mwenzake mkono. Walimu tukakutana. Ilipendekezwa kuwa mkosaji achapwe viboko na kufukuzwa kwa majuma mawili, na kwamba mwanafunzi ye yote atakayeonekana bandani apate adhabu iyo hiyo. Wote waliafiki. Nasi tuliinua mkono. Kisha kijana akaletwa, akaulizwa alikojifunza ujinga ule. Alitutazama sisi, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo:

"Mwalimu, hata ninyi mlipiga makofi."

Maneno hayo yalitukaa rohoni miaka mingi, nayo ndiyo yaliyotufanya tuisome dini ya Budha, maana tulitaka kujua watawa wa kweli wangetuambia nini. Wabudha hawako mbali nasi kama tunavyodhani. Wasinhala waliotoka Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, waliweka hekalu lao Dar es Salaam zamani za ukoloni. Katika maandiko yao ya kale tulikuta kisa cha Talaputa, kiongozi wa waigizaji. Yeye alimwuliza Budha kama ni kweli, kama walivyofundisha walimu wake wa sanaa, kwamba mwigizaji achekeshaye watu huzaliwa baada ya kufa kwake miongoni mwa miungu wacheshi. Budha alikataa kumjibu mara mbili. Talaputa alipomsihi mara ya tatu, alimwambia kwamba watazamaji huja wakiwa tayari wamefungwa na tamaa, chuki na upumbavu, naye mwigizaji huwazidishia yayo hayo. Mtu wa namna hiyo, alisema, huishia katika jehanamu iitwayo ya kicheko. Talaputa alilia, si kwa sababu ya kuambiwa neno kali, bali kwa kuwa alikuwa amedanganywa muda mrefu. Kisha akawa mtawa.

Kisa hicho ni kikali, na mtu mwepesi aweza kuamua kwacho kuwa burudani zote ni haramu. Hata hivyo, tuangalie vema mafundisho yale yanavyowatendea watu wa kawaida. Mtawa ameacha maonyesho ya ngoma, nyimbo na michezo siku zote za utawa wake. Mtu wa nyumbani, mwenye shamba na watoto, hakuwekewa sharti hilo katika amri zake tano. Bali zipo siku maalumu zinazofuata mwezi, ambazo yeye akipenda hushika amri nane, na katika hizo imo ya kujiepusha na maonyesho. Yaani hujinyima kwa muda ili ajue kama yeye ndiye mwenye burudani au burudani ndiyo yenye yeye.

Mfipa hakuhitaji kwenda Bara Hindi ili ajifunze hekima hiyo. Wazee wetu waliyeyusha chuma katika malungu, tanuri ndefu za udongo zilizompita mtu kimo. Katika siku za kazi hiyo wayeyushaji walijitenga na wake zao. Hawakufanya hivyo kwa kuichukia ndoa, maana kazi ilipokwisha walirudi nyumbani. Walijua kuwa lipo jambo lililo jema kwa wakati wake, na upo wakati wa kuliweka kando. Kwaresima nayo yasema vivyo hivyo. Kosa letu Ijumaa ile halikuwa kupenda filamu tu. Tulikuwa tumejinyima chakula, lakini jicho tuliliacha lile litakacho.

Pengine msomaji atasema kuwa hata hadithi za bibi zetu zina uovu. Sungura hudanganya, huiba na kuponza wenzake, nasi tulicheka. Ni kweli. Lakini bibi aliyesimulia alikuwapo baada ya hadithi. Alimjua mjukuu aliyecheka kupita kiasi, na kesho yake shambani angeweza kumwuliza: wewe ungependa kuwa jirani wa Sungura? Ngoma na ngano zetu zilikuwa na mwenyewe wa kujibu. Filamu ikiisha, jenereta huzimwa na kila mtu huenda zake gizani.

Serikali nayo imejaribu kuziba pengo hilo kwa marufuku. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Mwaka 1976 ikatungwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza. Na mwaka 2018 Baraza la Sanaa la Taifa liliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz kwa ajili ya maneno yake. Hatuibezi kazi hiyo, kwani mtoto hana budi kulindwa. Lakini sheria huishia mlangoni. Leo simu imo mfukoni mwa mwanafunzi, na banda la video limehamia humo. Mlinzi pekee awezaye kuingia pale ni dhamiri ya mtazamaji mwenyewe, na dhamiri haifundishwi kwa kiboko cha mtu aliyepiga makofi.

Basi siku ile kikaoni tuliomba ruhusa, tukausimulia mkutano tulikokuwa Ijumaa. Walimu wengine walicheka, na wawili wakakiri kuwa nao walikuwapo. Kijana hakufukuzwa. Alitakiwa kumbebea mwenzake vitabu na kumtekea maji hadi mkono upone, nasi tukafuatana naye kwenda kuwaomba radhi wazazi wa aliyeumia. Bandani tuliendelea kwenda, ila si katika Kwaresima. Kila filamu ilipoisha tuliwauliza wanafunzi waliokuwapo: nani ameumia humu ambaye hatukumhurumia? Mara nyingi walitaja askari wasio na majina, wale waangukao kwa makumi bila kuliliwa na mtu.

Walimu wenzetu na wanafunzi, hatuwaambii mfunge macho. Tazameni, chekeni, chezeni. Lakini mtokapo ukumbini simameni kidogo mlangoni, kama mgeni aliyefika Sumbawanga, mjikague mnabeba nini. Kilicho wanga, kitupeni hapo hapo.