Mkono Kwenye Volyumu

Mteja anayeingia studio kwangu kwa mara ya kwanza huuliza kompyuta iko wapi. Ipo pembeni, na kazi yake ni kurekodi tu. Muziki wenyewe unapigwa mezani: watu watatu au wanne tumezunguka vinanda na mashine, kila mmoja na chake, na ningi, yaani kiongozi wa nyimbo za ngoma, amesimama mbele ya maiki anatuona sote. Kuta zimebandikwa trei za mayai. Hapa ni Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale mkoani Geita, mahali ambapo watu wengi wakisikia neno mashine wanafikiria karasha, ile ya kusaga mawe ya dhahabu.

Kinanda nilijifunzia kanisani. Kilikuwa Yamaha ya kwaya, kikifungiwa kabatini, na funguo anatembea nayo mwenyekiti. Siku za kazi nilikuwa fundi redio, na redio ndiyo iliyonilisha. Mgodi wa Geita ulipoanza kuzalisha mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka uliofuata, vijana wa rika langu walimiminika kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji wadogo, wakaitwa wana Apolo. Nami nilikwenda, lakini chini sikudumu. Nilikaa juu, natengeneza mota, taa na redio zao, na malipo yangu yalikuwa mgao pale duara linapotema dhahabu. Kinanda changu cha kwanza kilitoka kwenye mgao huo.

Biashara ya nyimbo za Kisukuma nimeipitia tangu enzi za kanda, zikaja CD, kisha memori kadi, na sasa flashi na YouTube. Soko halijawahi kufa. Anayebadilika ni mnunuzi tu: baada ya mavuno ya pamba na mpunga anakuja mkulima, miezi mingine anakuja mwenye duara anayetaka kusifiwa kwa jina. Kwa miaka mingi nilimhudumia kila mmoja kwa namna moja. Ningi anaimba mchana mmoja, analipa, anaondoka, nami nabaki na kipanya cha kompyuta usiku kucha napanga ngoma, besi na kinanda peke yangu.

Mzee mmoja ningi, mtu wa kucheza bagika tangu ujana wake, aliisikiliza kazi niliyommalizia, akanirudishia flashi. "Ng'wanawane," yaani mwanangu, akaniambia, "ngoma yako haina masikio."

Alisema kweli. Usukumani vikundi vya ngoma vimegawanyika pande mbili, bagika na bagalu, majina yanayotokana na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Katika mashindano pande hizo hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule ambaye umati umehamia kwake. Kwa hiyo ningi hapigi kwa mwendo mmoja. Akiona watu wanaanza kupungua anapandisha, akiwanasa anawatuliza awaambie neno, halafu anapandisha tena. Mimi nilikuwa nampa mwendo uliogandishwa tangu sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, kisha namtaka aukimbize.

Mpwa wangu aliporudi kutoka Kampala alikuja na sinthesaiza, mashine za kuunda sauti kwa umeme: Korg Volca mbili ndogo, moja ya ngoma na moja ya besi. Aina hiyo ilitoka mwaka 2013, inaenea kwenye viganja viwili na inatumia betri 6 za kawaida, zile za rimoti. Katika mji ambao umeme hukatika bila kuaga, hiyo peke yake ilitosha kunishawishi. Yeye ndiye aliyenionyesha pia video za Brian Bamanya, Mganda anayejiita Afrorack. Sinthesaiza za moduli, zinazoungwa vipande kwa nyaya, zilimshinda bei, akaamua kuziunda mwenyewe, na mwaka 2022 albamu yake ikatolewa na lebo ya Hakuna Kulala ya Kampala. Nilitazama nyaya zile nikaona kazi ninayoijua. Ni fundi redio mwenzangu, ila yeye hakungoja mtu amletee redio iliyokufa.

Tatizo letu lilikuwa kuzifungamanisha mashine. Dawa yake ni ya mwaka 1983. Mwaka huo, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki kule Marekani, sinthesaiza ya Sequential iliungwa kwa waya na ya Roland, kampuni mbili zinazogombea wateja walewale, zikapiga pamoja. Utaratibu huo ndio MIDI. Waya wake wenye pini 5 haupitishi sauti hata kidogo, unapitisha maagizo tu: bonyeza noti hii, iachie, anza, simama. Na unapitisha saa: mapigo 24 kwa kila pigo moja la mguu, ambayo mashine zote huyafuata.

Nilichukua kibao cha Arduino, kompyuta ndogo ya kujipangia, nikakitia tundu la MIDI kitoe saa hiyo, na juu yake nikafunga volyumu iliyong'olewa kwenye redio kuukuu, ile kubwa ya kushika kwa vidole vyote. Ukiizungusha kulia, mashine zote mezani zinakimbia pamoja. Kushoto, zinatulia. Volca mbili zinaifuata, na kinanda cha Yamaha cha zamani, chenye matundu ya pini 5 nyuma, kinaifuata pia.

Basi tukagawana kazi. Mpwa yuko kwenye besi, mwenzetu mwingine kwenye ngoma anawasha na kuzima vipigo, kijana wa kwaya anapiga kinanda kwa mkono. Mimi sipigi kitu. Mkono wangu uko kwenye volyumu na macho yangu yako kwenye mabega ya ningi, kwa sababu bega hupanda kabla ya sauti. Likianza kunyanyuka nasogeza kidogo, nywele tu, naye anahisi sakafu imekuja juu, anaongeza, nami naongeza. Mara nyingine ananidanganya makusudi: anapandisha bega halafu anakata maneno, na sisi wote tunaanguka kicheko wimbo ukiwa hewani. Hayo hayafutwi. Baadaye tulipata mashine inayobeba sauti zilizorekodiwa, tukaitia mlio wa karasha, na wachimbaji wakiusikia hucheka kabla hata ya kucheza.

Vijana huniambia nimepitwa, siku hizi ni singeli. Nakubali singeli ina moto, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na Sisso Studios ya Mburahati, Dar es Salaam, imeifikisha mbali. Lakini wasikilize vizuri Singeli Ya Maajabu, albamu ya Sisso na Maiko ya mwaka 2024. Nguvu yake, kwa masikio yangu, iko kwenye kinanda cha Maiko kinachopigwa kwa mkono, anabishana na mwenzake papo hapo. Prodyuza aliyejifungia peke yake na kipanya hatoi kitu kile.

Vumbi letu jekundu ni adui mkubwa kuliko umeme. Linaingia kwenye vizungushio, sauti inakwaruza, na kila baada ya muda lazima nivifungue nivisafishe kwa brashi na spiriti. Ila uhaba wa vinanda ndio unaonikera zaidi. Vingi vipya vya bei nafuu vina tundu la USB tu, na saa yangu haiwezi kuzungumza navyo moja kwa moja. Kwa hiyo nawaomba wanakwaya, makanisa na shule: kabla hamjauza kinanda cha zamani kwa bei ya chuma chakavu, kigeuzeni mtazame nyuma. Mkiona matundu ya duara yenye pini 5, nileteeni Kharumwa. Hata kama spika zake zimekufa, nitanunua.