Mstari Mwembamba wa Kutu

Mama mwenzangu, je, umewahi kuona hatari nyumbani mwako ukanyamaza ili kulinda amani? Mimi nilifanya hivyo, na nusura kimya changu kimdhuru binti yangu.

Marehemu baba mkwe, aliyekuwa mwinjilisti, alituachia pikipiki yake, Honda CG 125 ya mwaka 1978, yenye shokapu mbili nyuma. Mwaka jana mume wangu aliamua kurefusha ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, ambao mafundi huuita swingamu, ili mzigo usinyanyue tairi la mbele. Nilipinga, maana fedha hizo tulizipangia ada. Tuligombana. Kesho yake fundi wa kuchomelea akaikata swingamu na kuiongeza sentimita 8.

Mume wangu alirudi amejaa furaha. Lakini siku ya kwanza tu nilipokaa nyuma, niliona mabadiliko. Shokapu zilikuwa zilezile na zimefungwa palepale, ila gurudumu lilikuwa limesogea nyuma, hivyo likazikandamiza kwa nguvu zaidi, kama mtu anayesukuma mtaimbo mrefu. Kila shimo tulilopita, nyuma ilizama hadi tairi likasugua madigadi. "Tutazoea," alisema. Nikanyamaza.

Jumamosi moja, nilipokuwa nikiifuta pikipiki, niliona mstari mwembamba wa kutu umepenya rangi, pembeni kabisa mwa mahali palipochomelewa. Mimi ni muuguzi. Najua kwamba ufa mwembamba kama unywele kwenye picha ya eksirei si wa kudharau. Hata hivyo nilijiambia kwamba nikisema, atadhani nafurahia kushindwa kwake. Na Jumatatu ndipo angempeleka binti yetu shuleni, kilomita 40 za barabara ya vumbi.

Jumapili usiku sikupata usingizi. Mchana ule ule nilikuwa nimewafundisha wanawake vijana kanisani juu ya kusema kweli kwa upendo! Nikamwamsha.

"Baba Neema, habari za fedha zimekwisha. Chukua tochi, twende nje."

Alipouona ule mstari hakusema neno. Akaniomba nikalie kiti na kukikandamiza. Mstari ukafunguka kama mdomo. Asubuhi Neema alikwenda kwa basi.

Fundi mwingine alitueleza kwamba joto la kuchomelea hudhoofisha chuma pembeni mwa kiungo, na swingamu hubeba uzito wote wa nyuma huku ikivutwa na cheni. Tulinunua swingamu ya asili iliyotumika lakini nzima, tukaitia bushi mpya, pamoja na shokapu mpya za urefu uleule zenye springi ngumu zaidi. Shokapu ndefu tulizikataa, kwani huinua nyuma na kuufanya usukani uwe mwepesi mno. Mzigo nao tukaupunguza.

Mume wangu hakunilaumu. Aliniuliza jambo moja tu: "Uliuona lini?"

"Jumamosi," nikajibu. Jibu hilo bado linaniuma.

Siku hizi kila Jumamosi tunaikagua pikipiki pamoja, yeye na spana, mimi na kitambaa. Mama mwenzangu, ukiona ufa, useme siku hiyo hiyo, kwa upole. Ugomvi wa jana usikufunge kinywa.