Tumeibiwa

Mama alilikuta jiwe kwenye begi langu la shule, limefungwa na daftari la hisabati. Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi Kakola, jirani na uzio wa mgodi wa Bulyanhulu.

"Umeiba wapi?"

Baba mdogo, aliyekuwa akila, hakuinua kichwa. "Shemeji, muulize ameokota wapi."

"Wakimkamata nalo watamuuliza kaokota wapi?"

Nililirudisha jioni ile, nikaliacha kando ya barabara nilikolitoa.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba walikuwa wakigombania neno. Baba mdogo na wenzake wanne walikuwa na duara Bulyanhulu mpaka mwaka 1996, wachimbaji wadogo walipoondolewa. Alitoka na nyundo, moko na karai. Mgodi mkubwa ulipoanza uzalishaji mwaka 2001, mtu aliyekutwa na jiwe la eneo lile mfukoni aliitwa mwizi. Mwamba ni uleule, na mikono mingine ilikuwa ileile.

Lakini sikuwahi kumsikia akisema waliibiwa. Alisema "tulitolewa".

Watu wa kwetu ni waangalifu na neno hili. Anayeingia kwa siri kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui kutafuta mchanga huitwa mbeshi. Shangazi yangu, mtu wa kanisa hasa, alinitajia jirani yake mbeshi kwa sauti ambayo angetumia kumtaja fundi cherehani. Kuku wake akipotea, hapo utasikia "wezi".

Halafu ukaja mwaka 2017. Makontena 277 ya makinikia yalikuwa yamezuiwa bandarini Dar es Salaam. Tarehe 24 Mei kamati ya Profesa Mruma ikasoma ripoti yake mbele ya Rais Magufuli, na kwa wiki kadhaa nchi nzima ikawa inanyambua kitenzi kimoja: tunaibiwa, tumeibiwa, wametuibia. Kampuni ya Acacia, iliyokuwa ikiendesha migodi hiyo, ilikanusha. Mimi nilikuwa chuoni, nikiangalia televisheni kwenye kibanda cha chipsi, na nakiri nilipiga makofi.

Kiswahili kinatenganisha vizuri hapa. Dhahabu huibwa, mtu huibiwa. Ili uibiwe, lazima kwanza kitu kiwe kilikuwa chako.

Nikampigia baba mdogo.

"Shikamoo, baba mdogo. Umesikia? Kumbe tumeibiwa!"

"Marahaba. Nimesikia." Akanyamaza, nikadhani mtandao umekata. "Hiyo 'tu', mwanangu, na mimi nimo?"

Nikajibu haraka kwamba ni sisi sote, Watanzania. Akacheka kidogo, akaniuliza habari za mitihani.

Baadaye ikaundwa Twiga, serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Nilimweleza niliporudi likizo. Alisikiliza kwa adabu, kama unavyosikiliza habari za harusi ya watu usiowafahamu. Moko wake bado uko chini ya kitanda, umeota kutu.

Siku ile ndipo alipokumbuka jiwe.

"Lile la begi. Nililifuata usiku uleule."

"Ukalichukua?"

"Nililiokota," akasema. "Nikalitwanga mpaka likawa unga. Halikuwa na kitu."