Binti wa Sultani na Manowari

Wanafunzi wetu hapa Mitundu walituuliza: Je, mapenzi ya jamaa za kifalme yaweza kuleta vita kati ya mataifa ya Ulaya? Tuliwajibu kwa habari za Salme, binti Sayyid Said wa Unguja, kwa kuwa mambo yale yaligusa nchi yetu hii.

Mwaka 1866 Salme, aliyempenda Heinrich Ruete, mfanya biashara Mjerumani, alitoroka Unguja katika manowari ya Kiingereza hata Aden. Mwaka 1867 alibatizwa huko, akaitwa Emily, akaolewa, wakaenda kukaa Hamburg. Mumewe alikufa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto wadogo watatu. Wala vita havikutokea.

Lakini mwaka 1885 Wajerumani waliitaka Usagara na nchi za jirani, na Sultani Barghash, nduguye Salme, akakataa. Ndipo Bismarck alipopeleka manowari Unguja, na Salme naye akapelekwa kudai urithi wake. Alikuwa raia wa Ujerumani. Lau angalidhurika, mizinga ingalipata udhuru. Barghash aliwategemea Waingereza, nao hawakumsaidia, akakubali. Mwaka 1890 mataifa hayo mawili yakamaliza shauri lao kwa karatasi. Salme alirudi Ulaya bila urithi aliodai, akafa Jena mwaka 1924. Wahenga wasema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Naye aliumia hata tembo wasipopigana.

Tulipokuwa tukisimulia hayo, tuliona haya moyoni. Mwaka jana binti mmoja, mtu mzima tuliyemfundisha zamani, aliondoka kwao akaenda kwa kijana wa ukoo mwingine. Koo zile mbili zikashika fimbo, zikisema ni kwa ajili ya heshima. Wazee walituita tuandike maneno ya baraza. Tuliandika kurasa mbili, na karibu maneno yote yalikuwa ya mpaka wa shamba. Jina la binti tuliliandika mara moja tu, mwanzoni.

Basi, wasomaji wetu, jibu letu ni hili: mapenzi hayaanzishi vita, bali huvikwa ugomvi uliokuwapo tangu zamani. Mkisikia watu wanagombania binti, ulizeni kwanza mpaka wa shamba u wapi. Kisha mwulizeni binti mwenyewe. Sisi hatukumwuliza.