Ng'onda Naye Hulainika

Wahenga walituachia usemi kwamba samaki mkunje angali mbichi. Sisi wawili, mume na mke, tumeshapita hamsini. Kwa hesabu ya wahenga tumekwisha kuwa ng'onda. Hata hivyo, ndugu wasomaji, miaka mitatu iliyopita tulianza kujifunza muziki hapa Uingereza, mmoja wetu udi na mwingine kanuni.

Tuseme kweli, hatukuanza kwa sababu ya mapenzi ya taarabu. Mtoto wetu wa mwisho alipokwenda chuo kikuu, nyumba ilinyamaza. Tukagundua kwamba kwa miaka mingi mazungumzo yetu yalikuwa ya watoto, bili za gesi na nauli za kwenda Unguja, basi. Jioni mmoja alikaa na televisheni, mwingine na simu. Hatukugombana, ila hatukuwa na la kuambiana.

Mwalimu wetu ni msichana wa Kiunguja, umri wa binti yetu. Yule mhandisi kati yetu alidhani udi ni kazi ya hesabu. Shingo ya udi haina vizuizi kama vya gitaa. Kidole lazima kijitafutie sauti. Uzi ukiwa na urefu wa sentimita 60, nusu toni ya kwanza iko kama sentimita 3.4 kutoka mwanzo wake, na robo toni kama 1.7. Mhandisi akapiga hesabu zote kwenye kompyuta, akabandika vipande vya karatasi shingoni. Mwalimu akavibandua kimoja kimoja.

"Ami, hapa tunasikiliza, hatupimi."

Katika maqamu ya Rasti, sauti ya tatu hukaa baina ya vibao viwili vya piano. Mwenye kanuni aliizoea upesi. Mwenye udi alihangaika nayo miezi minne, na kila alipokosea alisikia kutoka upande wa pili wa sebule: "Umepanda." Mtu aliyezoea kuamrisha mafundi miaka thelathini hakupenda kusahihishwa na mkewe. Udi ukatundikwa ukutani wiki mbili. Ukimya wa wiki hizo ulikuwa mzito kuliko ule wa zamani, maana sasa tulijua tunanyimana nini.

Ikaja Januari. Wanaoishi nchi za baridi wanajua jinsi joto la nyumbani linavyokausha hewa. Mti husinyaa, nyuzi zikalegea. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, nyingi zikiwa tatu tatu kwa sauti moja, na zote zilikuwa zimepotea. Usiku ule mwenye kanuni akaita, "Njoo unishikie ufunguo." Mmoja akakaza, mwingine akasikiliza: juu, chini, hapo hapo. Kazi ilituchukua karibu saa mbili.

Katikati ya nyuzi hizo ndipo lilipotoka jina la mama wa mwenye kanuni. Alifariki Unguja mwaka 2020, ndege zikiwa zimesimama, na maziko yake tuliyaona kwenye simu. Kesho yake kila mmoja alirudi kwenye shughuli zake. Usiku ule wa kanuni ndio wa kwanza tuliomlilia pamoja.

Wataalamu nao wanayo yao. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu wa miaka 60 hadi 85 waliofundishwa piano kwa miezi sita. Katika baadhi ya majaribio ya kumbukumbu na wepesi wa kufikiri waliendelea kuliko wenzao wasiofundishwa. Sisi hatukupimwa na mtu. Tunachojua ni kwamba ng'onda hakunjwi kwa nguvu, atavunjika. Hurowekwa kwanza, na kuroweka kunataka muda na mtu wa kukaa naye.

Kwa atakayetaka kuanza: azima chombo kabla ya kununua, kata kucha za mkono wa kushoto, na jua kwamba dakika 20 kila siku ni bora kuliko saa tatu za Jumamosi. Juu ya yote, ukiambiwa "umepanda", shuka.

Mpaka sasa tunajua nyimbo nne, mbili kati yake vibaya. Wageni tukiwapigia hutupongeza kwa adabu, kisha huulizia chai.